Doa la Zambarau

Studio, 2 Machi

Fundi wangu,

Nakusalimu ukiwa huko kwenye vumbi lako, nami niko hapa kwenye langu. Dada yangu, wifi yako, ni mzima, anakusalimu, na bado anaingia studio bila hodi kana kwamba kila picha inayopigwa humu ni ya posa yake.

Nina shida, na ni ya aina yako. Kompyuta inaumwa. Mwezi uliopita niliiongezea RAM, ile kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, kwa sababu picha za siku hizi ni nzito na ile uliyoniwekea ilikuwa inahema. Nilimwita Bisibisi, yule binti wa duka la redio ng'ambo ya barabara, uliyemfundisha kazi kabla hujaondoka. Akachomeka kipande kipya kando ya kile cha zamani, mashine ikawaka, ikakimbia, nikafurahi kama mtoto. Haikumaliza wiki, ikaanza vituko. Inaganda katikati ya kazi. Inajizima na kujiwasha yenyewe. Jana nilifungua picha ya bibi harusi: nusu ya uso ni yeye, nusu nyingine ni mistari ya kijani na waridi. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia huo ni mtindo mpya. Hakucheka.

Ningekupigia simu, lakini najua mtandao wa kambini ni wa michoro ya wahandisi tu, na simu ni ya kuombea daktari. Basi nangoja lori linaloleta barua. Niambie nifanye nini.

Na ule mkataba, umeshaamua? Nauliza tu.

Wako,
Baba Lenzi


Kambi ya bwawa, 10 Machi

Baba Lenzi,

Salamu nimezipokea, nimeziweka kando. Nijibu kwanza: nani alikuruhusu kumfungulia mtu mwingine mashine yangu? Najua risiti ina jina lako. Lakini kila skrubu ya kasha lile niliikaza mimi, na kila waya niliupitisha mimi, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha wateja unaniuliza kama chai iko tayari.

Bisibisi ni fundi mzuri, sibishi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimfundisha kushika bisibisi. Sikumfundisha kushika vya watu.

Haya, kazi. Mistari kwenye picha na mashine kujizima yenyewe, hayo ni malalamiko ya RAM. Zima. Chomoa plagi. Vua lile sweta la sufu alilokufumia mama, maana sufu ina umeme wake, ule unaokuchoma ukiivua, na RAM ikiguswa nao inakufa kimyakimya. Gusa chuma cha kasha. Kisha fungua ubavu na utazame. Cha kwangu utakijua kwa doa jekundu la rangi ya kucha. Ndiyo alama yangu, wewe unaijua, kila kifaa kinachopita mkononi mwangu nakitia doa ili mjanja asinibadilishie. Kifaa kisicho na doa hakina mwenyewe.

Halafu niandikie unachokiona. Kibao changu bado kiko ukutani hapo, kisome: MTEJA ASEME ANACHOKIONA, SABABU ANIACHIE MIMI. Sitaki hadithi, sitaki "nadhani", sitaki maelezo. Wateja wanaoeleza ndio wanaonipotezea siku.

Huku asubuhi kuna baridi ya kukata masikio. Dereva wa lori kaniazima koti lake. Juzi kaniletea na sabuni bila kuagizwa, sijui alijuaje kwamba yangu imeisha.

Mkataba unaisha mwisho wa Mei. Mkuu wa kambi ameniwekea karatasi nyingine mezani, ya miaka miwili, anataka jibu kabla ya katikati ya Aprili. Sijasaini. Nataka kurudi nyumbani, na wewe unajua. Lakini mtu hurudi mahali anapongojwa.

Fundi wako


Studio, 16 Machi

Fundi wangu,

Nimefanya kama ulivyosema. Sweta nimelivua. Kuhusu sweta nimekusikia.

Nilichokiona ni hiki. Vumbi. Buibui mmoja, mzima, tumeagana kwa heri. Feni inazunguka bila kelele. Waya zote zimekaa. Vipande viwili vya RAM, vimesimama kando kwa kando. Kilicho karibu na feni kina doa jekundu. Cha pili, kile kipya, kina doa la zambarau.

Basi. Maelezo sitoi, ingawa mdomo unaniwasha. Sababu nimekuachia wewe. Nadhani ukijua utacheka, na hilo "nadhani" nalifuta, naona limekatazwa.

Picha tatu zaidi zimeharibika. Nakungoja.

Baba Lenzi


Kambi ya bwawa, 23 Machi

Baba Lenzi,

Nimeona ulichokiona. Usiguse kitu. Subiri.

Fundi


Kambi ya bwawa, 23 Machi

Wifi yangu,

Hii barua ni yako peke yako. Ukishaisoma ichome, na usimwonyeshe kaka yako hata bahasha.

Ndani ya kompyuta yangu, niliyoiunda kwa mikono hii, kuna kipande chenye doa la zambarau la rangi ya kucha. Zambarau! Mimi maisha yangu yote sijapaka zambarau. Wewe unazijua kucha zangu, ni nyekundu tangu nilipokuja kuolewa kwenu. Hakuna fundi mwingine mjini hapo anayetia doa. Hiyo ni tabia yangu, na nimemfundisha mtu mmoja tu. Sasa kapaka alama yake kando ya yangu, wazi kabisa, ili kila nikifungua kasha nimwone. Na kaka yako ananiandikia kwamba nikijua nitacheka.

Wifi, silali vizuri. Nikifumba macho naona ile meza, kile kiti, na mikono miwili ndani ya kasha moja. Wanawake wa mjini ninaweza kuwavumilia, wanapigwa picha wanakwenda zao. Huyu anafanya kazi yangu. Anakaa kwenye kiti changu, anasikia mashine ikiguna anajua inaguna nini, kama mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Mwenye uso mzuri kuliko wangu nisingemjali.

Nenda duka la redio. Tafuta sababu yoyote. Nitazamie kucha zake.

Mke wa kaka yako


Nyumbani, 31 Machi

Wifi yangu wa moyo,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Kazi uliyonipa niliifanya siku hiyohiyo, maana unajua mimi nikitumwa umbea sidai nauli.

Nilibeba saa yangu ya ukutani, nzima kabisa, nikasema haitembei. Bisibisi akaifungua, mimi nikamkodolea mikono mpaka akaniuliza kama nimepotezewa pete. Wifi, kucha zake fupi, zimekatwa hadi nyama, zina weusi wa mafuta pembeni. Rangi hakuna. Si nyekundu, si zambarau, si ile isiyo na rangi. Akaniambia saa haina ugonjwa. Nikamwambia basi imepona kwa kukuona. Akanitazama kama mtu anayejua nimekuja kufanya nini.

Nikatoka pale moyo mweupe, nikasema wifi yangu ana wivu wa bure, nitamwandikia apumzike. Sasa kaa chini. Kama huna kiti, kaa kwenye ndoo.

Nikapitia studio. Kaka alikuwa ameinama mezani, kashika kitu kidogo anakigeuzageuza kwenye mwanga, anatabasamu peke yake. Kuniona tu, kitu kwenye droo, droo ikasukumwa kwa goti. Nikajifanya sikuona. Akaja mtu wa picha za pasipoti, kaka akaingia naye ndani. Mimi nikafungua droo. Ni chupa ya rangi ya kucha, zambarau. Imejaa hadi shingoni, imeguswa kidogo tu.

Alipotoka nikamuuliza hii ni ya nani. Uso ukamwiva. Akasema, "Ya kazi." Nikamwambia kazi gani ya mpiga picha inayotaka kucha? Akaninyang'anya, akaniambia nikapike.

Yeye ni ndugu yangu, tumbo moja, lakini siwezi kukuficha. Bisibisi siye. Kuna mtu mwingine, na huyo ana kucha. Tena siku hizi anafunga studio mapema, anakwenda sijui wapi na mkoba chini ya kwapa, na akirudi amechangamka.

Usilie, wifi. Ukishindwa, lia baada ya kula.

Wifi yako


Kambi ya bwawa, 6 Aprili

Kwako mpiga picha,

Nimeambiwa kuhusu chupa. Usiulize na nani.

Sitakuuliza ni ya nani. Mimi ndiye niliyesema sitaki maelezo, na wewe mtiifu umenishika neno. Nimeshiba ninayoyaona.

Maagizo yangu ya mwisho kwa mashine hiyo: kitoe kipande cha zambarau. Mrudishie mwenyewe, pamoja na chupa yake. Bakiza changu peke yake, kwanza kwenye nafasi ya karibu na feni, kisha kwenye nafasi ya pili. Changu hakijawahi kumwangusha mtu. Miaka yote tuliyokuwa pamoja kilifanya kazi bila kelele, kikatosha, mpaka ulipotaka cha pili.

Karatasi ya mkuu bado iko mezani. Jumatatu nitasaini. Miaka miwili si mingi kwa mtu asiye na haraka ya kufika popote.

Dereva anasema njia ni mbaya, barua hii inaweza kuchelewa. Ichelewe.

Fundi wa kompyuta, kambi ya bwawa


Studio, 14 Aprili

Mke wangu,

Nimefanya ulivyoagiza, mpaka mwisho. Cha zambarau nimekitoa. Chako kikabaki peke yake karibu na feni: mashine ikaganda kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nikakihamishia nafasi ya pili: ikajizima mara mbili, na picha ya mtoto wa jirani ikatoka bila kidevu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Maana yake wewe unaijua kuliko mimi, na sitaiandika. Nimezima mashine. Chako kiko palepale. Sikukitoa, na sitakitoa mpaka wewe mwenyewe useme.

Sasa kile kibao chako nimekigeuza kitazame ukuta, kwa sababu nataka kueleza.

Mwenye chupa ni mimi. Kipande kipya kilipowekwa, nikakiona kimekaa kitupu kando ya chako, nikakumbuka maneno yako kwamba kisicho na doa hakina mwenyewe. Nikataka nikitie doa kama ambavyo ungefanya. Chupa yako nyekundu uliondoka nayo. Nikaenda duka la vipodozi. Muuzaji akaniuliza, ni ya mkeo au ni ya yule mwingine? Nikasema ni ya kompyuta. Duka zima likacheka, mpaka mzee aliyekuja kununua wembe. Nikaona aibu, nikachukua chupa ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono, nikalipa, nikakimbia. Kufika nyumbani nikaona ni zambarau. Nikasema haidhuru, Fundi atanicheka akirudi. Dada nilimficha kwa sababu yeye ndiye redio ya mtaa. Kumbe alikuwa hewani tayari.

Na RAM yenyewe niliiongeza kwa sababu nimepata kazi ya picha za vitambulisho kwa shule zote za mji. Ndiko ninakokwenda jioni na mkoba. Kazi hiyo ikishika njia, hakuna haja ya wewe kukaa miaka miwili kwenye baridi. Sikutaka kukuambia mpaka mashine iwe sawa, nisije nikakuahidi kitu kikavunjika mkononi. Nilitaka ukirudi ukute tayari. Ujinga wangu huo.

Lakini kwa kuwa tumeanza kusema, nami niseme. Umenihukumu kwa chupa ya rangi ya kucha. Mimi sijakuuliza habari za koti. Kila barua yako naipokea mkononi mwa Dereva. Anaegesha lori mbele ya studio, anashuka, ananiamkia kwa heshima, na kila akija namtazama mabega. Hana koti. Baridi ya asubuhi inamtetemesha, na koti liko kwako. Anajua sabuni yako inaisha lini. Mimi sijui. Ananiambia, "Shemeji mzima sana," na mimi nasema ahsante, naingia ndani, na siku hiyo sipigi picha iliyonyooka. Nina wivu, Fundi. Wangu hauna kelele, lakini usidhani ni mdogo kuliko wako.

Usisaini.

Mumeo


Kambi ya bwawa, 23 Aprili

Kwako Bisibisi,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mimi pia nashangaa.

Nitakuambia ukweli, na sitaupaka sukari. Mwezi mzima huu nimekutukana kila nikiamka. Nilimtuma wifi yangu aje kutazama kucha zako. Ile saa ilikuwa nzima. Nadhani uliijua tangu mwanzo.

Nilisaini Jumatatu. Barua ya mume wangu ikafika Ijumaa, matope yamemfika Dereva magotini. Nimeisoma mpaka karatasi ikalegea. Nikaenda kwa mkuu wa kambi, nikamwambia nataka kuirudisha sahihi yangu. Akaniambia sahihi hairudi kama sufuria. Nikalia mbele yake, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanaume yeyote mwenye meza. Ndipo akasema ataichana karatasi kwa sharti moja: nimletee fundi wa kukaa mahali pangu, mwenye mikono kama yangu.

Nimepekua kichwa changu chote, Bisibisi. Sikutaka kufika kwako. Nimepita kwa kila fundi ninayemjua, kila mmoja nikamtoa kasoro, nikaishia mlangoni pako. Mwenye mikono kama yangu ni mmoja tu, na ni mimi niliyeifundisha.

Kazi ni ngumu, vumbi linaingia kila mahali, lakini mashine ni nzuri na hakuna anayekusimamia begani. Ukikataa nitaelewa. Ningekuwa wewe, baada ya ile saa, ningekataa.

Na kitu kimoja nakuomba, kama fundi kwa fundi. Siku ile ulipoongeza RAM kwenye kompyuta ya studio, uliona nini? Niambie ulichokiona tu.

Dada yako Fundi


Duka la redio, 29 Aprili

Dada Fundi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nitakuja. Hapa natengeneza redio zilezile za watu walewale, na nimechoka kuulizwa naolewa lini na kila anayeleta pasi mbovu. Mwambie mkuu wako nipo njiani.

Saa niliijua. Wifi yako alisahau kuisimamisha, ilikuwa inatembea ndani ya mfuko wake tangu mlangoni.

Umeuliza nilichoona. Nilipofungua kasha, nilikuta kipande chako peke yake, na mashine, kabla sijaizima, ilikuwa inafanya kazi. Nikageuka kufungua kile kipya. Niliporudisha macho, shemeji ameshakichomoa chako. Amekishika kwenye meno ya shaba, anakifutafuta vumbi kwa ile sweta yake ya sufu, ili anionyeshe doa. Akasema, "Unaona hili? Mke wangu huyu. Kila alichokigusa utakijua." Nikapiga kelele. Alikuwa ameshamaliza kukifuta, doa linang'aa.

Tukakirudisha. Kwanza kikaonekana kizima, maana kazi ndogondogo haifiki mahali kilipoungua. Siku chache baadaye, picha nzito zilipoanza, akaniita. Nikapima kimoja kimoja, jioni hiyohiyo. Kibovu ni kile chenye doa jekundu, dada. Nilimwambia. Nikanyoosha mkono nikitoe, akaweka kiganja chake juu ya kasha. Akasema, "Hicho hakitoki mpaka mwenyewe arudi." Nikamwambia basi hutafanya kazi. Akasema, "Nitamwandikia. Yeye ndiye atakayeniambia."

Nilidhani anakuogopa. Siku hizi nadhani vingine, lakini hayo ni maelezo, nawe hukuyataka.

Niandikie kama huko nije na koti.

Mwanafunzi wako,
Bisibisi


Kambi ya bwawa, 7 Mei

Mume wangu,

Kitoe.

Zima, chomoa plagi, gusa chuma. Sweta livue, ulitundike mbali, tena chumba kingine kabisa. Ndiyo, nimeambiwa. Usimkasirikie Bisibisi, mimi ndiye niliyemuuliza, na amejibu kama fundi. Ulikuwa unajua siku zote ni kipi kibovu, na ukaniacha nikutukane kwa barua nzima, nijisifie kipande kilichokufa, kwa sababu hukutaka kukitoa bila mimi. Nilipofika hapo niliweka barua ya Bisibisi chini nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye ukuta wa bwawa. Nina hasira na wewe. Ningekuwa karibu ningekushika shati, na sijui baada ya hapo ningefanya nini.

Kitoe kwa ncha mbili, usiguse meno ya shaba. Kiweke kwenye bahasha ya picha, usikitupe. Chukua cha zambarau, ukichomeke karibu na feni, pale palipokuwa pangu. Imeniuma kuandika hivyo, lakini kichomeke, usukume mpaka usikie vibanio vimelia pande zote mbili. Mashine itapona. Anza kazi ya shule zako, usinisubiri.

Mkuu ameichana karatasi mbele yangu. Bisibisi akishuka kwenye lori, mimi napanda. Koti nimelifua, nimelikunja, nimemrudishia Dereva mbele ya watu wa jikoni, wote wakiona. Alilivaa papo hapo, mtu maskini, meno yalikuwa yanagongana. Na safarini sitakaa mbele. Nitakaa nyuma na mizigo, bila kuombwa.

Ule wivu wako usio na kelele, mwaka mzima nimeusoma nikidhani ni mtu asiyejali. Ukirudi kuwa nao, upige kelele kidogo, nisikie.

Sasa ile chupa. Iache kwenye droo. Vipande vipya vyote nitavitia doa mimi, kwa rangi hiyohiyo yako mbaya, na kucha zangu nitazipaka hiyohiyo, mtaa mzima uone. Wifi aliniandikia kwamba imejaa hadi shingoni. Nimelishika hilo. Nikifika, kabla sijavua viatu, nitaitazama.

Nisikute imepungua.

Fundi wako